Chaivu haimsubiri mnunuzi

Kisu ninachokatia chaivu hakikati kitu kingine hapa nyumbani. Hakimenyi ndizi, hakikati nyama, na watoto wanajua hakiguswi. Jioni ya kuamkia mavuno nakinoa kwenye jiwe, nakisuuza kwa maji ya moto, nakiviringisha kwenye kitambaa safi. Naanza na kisu kwa sababu karibu kila anayeniandikia kuhusu zao hili anauliza mbegu zinapatikana wapi na kilo inauzwa shilingi ngapi. Hakuna anayeuliza unakata wapi na unakata lini, na kwangu mimi biashara yote iko hapo.

Kwa ambaye hajaziona: chaivu ni za ukoo wa kitunguu. Majani yake ni membamba kuliko vitunguu majani vya sokoni, ya mviringo, yana uwazi ndani, na yakiwa tayari yanafika shubiri moja au zaidi kidogo. Chini hakuna kitunguu cha maana, ni vitako vidogo vyeupe vilivyosongamana kwenye shina moja. Wapishi wa hoteli huzikatakata zikiwa mbichi na kuzinyunyiza juu ya mayai, supu ya viazi, samaki au jibini laini. Huwekwa mwisho, moto ukishazimwa, maana zikipikwa sana harufu yake hupotea. Ipo pia aina ya majani bapa yenye harufu ya kitunguu saumu. Ni nzuri, ila siyo hii, na mpishi aliyeagiza hii ukimpelekea ile atakurudishia mzigo wako mlangoni.

Mimi nalima Akheri, juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Huku kwetu migomba na kahawa ndiyo wenyeji wa shamba, na sehemu niliyopewa na baba mkwe iko pembeni mwa kahawa yake, mahali ambapo jua linapiga kuanzia asubuhi hadi saa tisa mchana, halafu kivuli cha migomba kinashuka. Chaivu hupenda hali ya hewa ya ubaridi. Ukishuka kule tambarare za chini ya barabara kuu zitaota, lakini Januari na Februari zitakutesa kwa ncha kukauka na wadudu. Maji yetu ni ya mfereji, kwa zamu.

Kabla sijaendelea na kisu niseme jambo moja linalowaponza wengi. Nyanya zako zikikataliwa hotelini, unazipeleka soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi na utarudi na hela, hata kama ni kidogo. Spinachi hivyo hivyo. Chaivu hazina soko la pili. Mama wa Tengeru anayenunua mboga za watoto anataka vitunguu majani, vile vinene vyenye kichwa cheupe, fungu moja linatosha sufuria zima. Ukimwonyesha chaivu atakuuliza hizi nyasi za nini, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo jani moja la chaivu linapoota shambani kwako, jikoni litakakokwenda liwe linajulikana tayari. Mwenye nafasi ndogo apande matuta mawili, aongee na jikoni mbili au tatu, aone wanachukua kiasi gani kwa wiki, ndipo aongeze. Nimeona robo eka nzima ya chaivu nzuri sana ikigeuka manjano kwa sababu mwenyewe aliambiwa lina hela akapanda kwanza.

Sasa turudi kwenye kukata.

Jani la chaivu hukua kutokea chini. Ncha ndiyo sehemu kongwe, kitako ndicho kichanga. Ukilikata katikati, kile kipande kilichobaki kinaendelea kusukumwa juu kikiwa na ncha ile ile uliyoikata, na ncha hiyo inakauka na kuwa ya kahawia. Mavuno yanayofuata utakuta majani mazima yamechanganyika na yenye ncha butu, na utakaa chini unayatenga moja moja mpaka mgongo uume. Ukikata chini kabisa, usawa wa udongo, unajeruhi mahali jani jipya linapochomoza, na udongo wetu huu mweusi unaoshika maji unaingia kwenye jeraha. Shina linaoza. Mimi naacha vidole viwili, yaani sentimita tatu hadi nne. Nakusanya shina zima kwa mkono wa kushoto, sibagui majani marefu na mafupi, napitisha kisu mara moja. Wapo wanaotumia mkasi, na mkasi mkali hauna ubaya, lakini ukianza kuwa butu unabana jani kabla ya kulikata, na jani lenye uwazi ndani likibanwa linapasuka pembeni. Mpasuko huo huuoni asubuhi. Utauona kesho yake ukiwa mstari mweupe uliokauka.

Kukata shina zima kuna faida nyingine. Majani yote yanaanza safari pamoja na yatafika pamoja. Ukidonoa ya leo unayoyahitaji na kuacha mengine, baada ya muda tuta lina majani ya kila umri, na hakuna siku utakayolikuta limekuwa tayari lote.

Halafu kuna lile gumu zaidi. Tuta lililofika siku yake linakatwa, oda iwepo au isiwepo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu linaumiza. Unaona majani ya kijani, mazuri, hayana mnunuzi wiki hii, unasema yasubiri. Hayasubiri. Yanazeeka yakiwa shambani, yanalala, ncha zinaanza manjano, vikonyo vya maua vikitokea vinakuwa vigumu havitafuniki, na chini ya yale yaliyolala ndiko ukungu unakoanzia. Wiki mbili baadaye mteja anapopiga simu huna cha kumuuzia. Ukikata kwa wakati, hata kama sehemu inaishia kwenye mboji, wiki nne mbele una majani mapya. Matuta yangu yamegawanywa makundi manne na kila wiki nakata kundi moja, kwa hiyo nikimaliza la nne lile la kwanza linakuwa limerudi. Mvua ikiwepo na joto la wastani hesabu hiyo inakwenda vizuri kabisa.

Haiendi vizuri Juni na Julai, na hapo ndipo kilimo hiki kwa upande wetu kinakutana na utalii uso kwa uso. Miezi hiyo mlima unafunikwa na mawingu, jua halionekani mpaka mchana, asubuhi ni sweta na kanga juu yake. Chaivu hazifi, lakini zinajivuta. Kundi lililokuwa likirudi kwa wiki nne sasa linataka tano, hata sita. Na ndiyo miezi ambayo wageni wanamiminika kwenda Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, na hoteli za Arusha zinataka kila kitu mara mbili. Aprili na Mei ni kinyume chake. Masika inashusha maji, majani yanaota mpaka unashangaa, na kambi nyingi za mbugani zimefungwa, wapishi wako likizo vijijini kwao. Zao na soko havikubaliani, na hakuna anayeweza kuamuru mawingu yaondoke.

Nachofanya ni kutumia masika kwa kazi nyingine. Hiyo ndiyo miezi ya kugawa mashina. Shina la chaivu likikaa muda mrefu linajaa, vitako vinabanana, majani yanakuwa membamba kupita kiasi. Unalichimbua zima, unatikisa udongo, unaligawa kwa mikono kuwa vifungu vya vitako vitano au sita, unapunguza mizizi mirefu na majani, unapanda upya kwa nafasi ya sentimita ishirini hadi ishirini na tano. Mvua inafanya umwagiliaji kwa niaba yako. Kwa hiyo wakati hakuna wanunuzi sikati kwa ajili ya kuuza bali napanua shamba, na Julai inaponifikia nina makundi sita badala ya manne. Kila kundi linarudi polepole, lakini kila wiki kuna la kukata. Na kugawa mashina naona ni bora kuliko mbegu. Mbegu za chaivu hupoteza uhai haraka, pakiti iliyokaa sana dukani itakuotea chache, na hata zikiota vizuri miche ni uzi mtupu kwa wiki kadhaa, inamezwa na magugu.

Magugu! Hapa ningeweza kuandika hadi kesho. Mahindi ukiyapalilia vibaya utavuna kidogo, lakini mahindi ni mahindi. Chaivu jani moja la nyasi likiingia kwenye fungu, mpishi akalikata pamoja na mengine akalinyunyiza juu ya sahani ya mgeni, umekwisha. Na ndago ndiyo adui mkubwa. Inaota katikati ya shina lenyewe, jani lake jembamba, kijani kinakaribiana, na ukiivuta juu tu kile kidonge cha chini kinabaki na kuchipua tena. Haing'olewi kwa jembe, inachimbuliwa kwa kijiti kirefu taratibu mpaka kidonge kitoke. Nawaambia wanaonisaidia wapitishe vidole kwa macho yaliyofumbwa: chaivu ni ya mviringo, ndago ina pembe tatu chini. Vidole vinajua upesi kuliko macho.

Kuhusu dawa nina msimamo na sitaubadilisha. Kitunguu maji unakimenya ganda. Kabichi unatoa majani ya nje. Chaivu humenyi kitu na huipiki. Jani lililopigwa dawa ndilo linalotafunwa, na linavunwa kila baada ya wiki nne tu. Mdudu wetu mkubwa ni thripsi, wale wadogo wanaoacha madoadoa ya fedha kwenye jani, na wanapenda ukame wa Januari na Februari. Napambana nao kwa maji, nanyunyizia kwa juu kwa nguvu asubuhi siku ambazo sivuni, naondoa mabaki yote baada ya kukata, na tuta lililoshambuliwa sana nalikata lote, nayatoa majani nje ya shamba na kuyafukia. Mwarobaini natumia mara tu baada ya kukata, kabla majani mapya hayajapanda. Wenzetu wa Kenya wanaosafirisha chaivu Ulaya kwa ndege wanajua vizuri kwamba masalia ya dawa au mdudu mmoja kwenye boksi vinaweza kuzuia mzigo wote uwanjani. Ulaya chaivu za nje hulala wakati wa baridi, ndiyo maana wanazitaka kutoka kwetu ambako siku ina saa kumi na mbili za mwanga karibu mwaka mzima. Lakini mgeni anayekula Arusha na yeye ana tumbo. Kwa nini yeye apewe jani ambalo mwenzake wa Ulaya asingepewa?

Kwa sababu hiyo hiyo samadi yangu inaiva kwenye lundo miezi kadhaa kabla ya kuingia shambani, na inawekwa siku ya kukata, ikifukiwa kidogo kati ya mistari, kamwe si juu ya majani yanayokua. Maji ya mfereji yamepita kwa ng'ombe wa watu kabla ya kunifikia, kwa hiyo yanaishia ardhini, kwenye mitaro kati ya matuta. Kinachogusa majani, iwe kunyunyizia au kuosha, ni maji ya bomba. Juu ya tuta natandaza maganda ya kahawa ili mvua isirushe udongo kwenye majani. Majani yasiyo na udongo hayahitaji kuoshwa, na jani lisilooshwa linakaa muda mrefu kuliko lililooshwa.

Siku ya mavuno tunaingia shambani mara tu mtu anapoweza kuona vidole vyake. Jani la alfajiri limejaa maji na lina ubaridi wa usiku. Likikatwa saa nne limeshapokea joto, na joto hilo utasafiri nalo hadi jikoni. Tatizo la alfajiri ni umande. Majani yaliyofungwa yakiwa na umande yanateleza ndani ya fungu na kuanza kunuka. Kwa hiyo tunakata, tunakung'uta, tunatandaza juu ya chanja ya wavu chini ya kibanda ambako upepo unapita, na wakati umande unakauka tunachambua. Kukata kilo moja ni dakika chache. Kuichambua, kutoa la manjano, lililopasuka, lenye ncha ya kahawia, ni nusu saa na zaidi. Anayepanga bei yake bila kuhesabu nusu saa hiyo anafanya kazi ya bure. Na tafadhali, ncha ya kahawia usiikate ukadhani umeificha. Jani lote linatoka, maana kile kidonda kipya kitakuwa cha kahawia kabla ya chakula cha jioni.

Mafungu ya kupimwa tunafanya ya gramu ishirini na tano, arobaini kwa kilo, tukifunga mpira karibu na kitako, mzunguko mmoja, bila kukaza. Jikoni kubwa zinapendelea kilo iliyolegea kwenye boksi la plastiki, nami napendelea hivyo pia. Nauza kwa mzani siku zote. Fungu la kukadiria kwa mkono linazaa maneno. Wiki hii mteja anaona limepungua, wiki ijayo mkulima anaona limezidi. Mzani unamaliza mjadala.

Chaivu hutaka ubaridi wa karibu nyuzi sifuri na hewa yenye unyevu, na zikipata hivyo hukaa wiki hadi mbili. Mimi sina chumba cha baridi cha umeme. Nina kibanda cha kuta za mkaa uliobanwa kati ya nyavu mbili, maji yanadondoka juu yake polepole, upepo ukipita unapoza ndani. Kiangazi kinasaidia sana. Wakati wa masika hewa yenyewe imeshiba maji, mkaa haupozi chochote, kwa hiyo siku hizo tunategemea deli, lile boksi la kutunzia ubaridi, na chupa za maji tulizogandisha usiku. Chupa zinazungushiwa kitambaa. Jani likigusa barafu linaganda, na likiyeyuka linakuwa la kioo, limelegea, halina faida. Kuanzia hapo ni mbio. Bodaboda hadi lami, kifodi, yaani daladala ndogo, hadi mjini, deli liko kati ya miguu yangu na silipandishi juu ya bodi hata konda aseme nini.

Mpishi mmoja ninayempelekea ana kipimo chake. Anafungua deli kabla hajaangalia karatasi ya mzigo, anachomoa jani moja katikati, si la juu, analikunja. Likivunjika anachukua. Likipinda tu anatikisa kichwa.

"Shikamoo mama. Za leo zimekatwa saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Saa kumi na mbili na nusu."

"Basi hizi nitakaa nazo mpaka Ijumaa."

Kijana huyu namheshimu sana. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba jikoni mwake chaivu haiwekwi mlangoni mwa friji kwa sababu mlango unafunguliwa mara kwa mara, inafunikwa kitambaa chenye unyevu na kukaa nyuma kabisa. Sasa kila mteja mpya namweleza hivyo siku ya kwanza, maana chaivu ikiharibikia kwenye friji yake lawama inarudi kwangu.

Malipo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kidogo kuliko zote. Hoteli nyingi hulipa mwisho wa mwezi, na kuna moja ilinikalisha miezi kadhaa nikizungushwa kati ya ofisi ya ununuzi na mhasibu. Mkulima mdogo hana mtaji wa kukopesha hoteli. Sasa mteja mpya ananilipa kwa simu siku ya mzigo mpaka tuzoeane, na hata tukishazoeana deni halivuki mwezi mmoja. Wengine wamekataa na tumeachana vizuri. Karatasi ya kupokelea mzigo lazima isainiwe na aliyeupima, jina na kilo, pale pale.

Zinazobaki mjini hazirudi Akheri. Kuna kaka wa chipsi mayai karibu na kituo, nilimpa kidogo ajaribu kwenye mayai, wateja wake wakapenda, na sasa anachukua zile fupi ambazo hoteli hazitaki, kwa bei ndogo lakini kwa fedha taslimu. Nimefurahi kuona jani hili likiliwa na watu wa hapa hapa, wamekaa kwenye viti vya plastiki baada ya kazi. Kama yupo mwenye kibanda Usa River au Sakina anayetaka kujaribu, aniambie nimletee.

Wiki hii nakata kundi la pili. Mvua zikishika vizuri nitachimbua matuta mawili ya zamani kuyagawa, na vitako vitakuwa vingi kuliko ninavyoweza kupanda. Jirani wa Akheri, Nkoaranga au Poli anayetaka kuanza, aje na ndoo yake nimpe, alimradi ameshaongea na jikoni moja na ameshaiona sehemu yake kama ina ndago.